Zamu ya Maji na Zamu ya Neno

Samunge ni kijiji cha tarafa ya Sale, katika wilaya ya Ngorongoro, upande wa magharibi wa Ziwa Natroni, mahali ambapo milima imekaribiana na maji ni machache kuliko mashamba yanayoyahitaji. Wenyeji wake ni Watemi, ambao majirani zao na vitabu vya wageni vimezoea kuwaita Wasonjo. Ni wakulima tangu jadi, wanaozungukwa na wafugaji, na fahari yao kubwa, mbali na asali, ni maarifa ya kuongoza maji ya chemchemi kwa mifereji hata yakafika katika mtama, viazi vitamu, maharage na mahindi ambayo hayawezi kutegemea mvua peke yake. Msafiri atokaye Mto wa Mbu kuelekea huko hupita Engaruka, penye magofu ya makazi na mifereji ya mawe iliyoachwa yapata karne ya 18, na wako wataalamu wanaodhani kwamba walioijenga walikuwa na udugu na Watemi. Dhana hiyo ikiwa sahihi ama si sahihi, jambo moja ni dhahiri kwa mtu aliyeishi hapa: watu hawa wamefikiri kwa vizazi vingi juu ya namna wengi wanavyoweza kuishi kwa kitu kimoja kisichowatosha wote kwa wakati mmoja.

Mimi nilizaliwa pwani ya Tanga, nikaletwa katika nchi hii na kazi ya ualimu, nikakaa mpaka nywele zikageuka rangi. Katika mambo niliyoyastaajabia mapema, hakuna lililonishika kuliko baraza la wenamiji, wazee waliorithi dhamana ya maji, ambao huamua ni nani atakayefungulia mfereji shambani mwake, kwa muda gani, mchana au usiku, na ni nani atakayemfuata. Na asiye na haki yake mwenyewe ya maji huja kwao kwa adabu akaomba, akatoa kinachostahili kutolewa, akapangiwa. Mtu anayefungua maji nje ya zamu hakosi kwa sababu maji ni mabaya, wala kwa sababu shamba lake halistahili. Hukosa kwa kuwa katika saa ile ile, mahali asipopaona, liko shamba la mwenziwe lililokuwa likiyangojea. Katika maisha yangu ya vikao, mikutano na kamati, ambayo yamekuwa marefu, sikupata mfano ulio karibu zaidi na usikivu wa watu waliokusanyika kwa shauri moja. Usikivu nao hutoka katika chemchemi ndogo, huwa ni wa wote, na neno lisilo na mnasaba na shauri lililowakutanisha watu, hata likiwa zuri na la kweli, huupeleka pasipopandwa kitu.

Jambo hilo nilikuwa nikilijua kijuujuu tu mpaka ulipofika mwaka 2011. Mwaka mmoja nyuma, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, alikuwa ameanza kuwapa wagonjwa, kwa shilingi 500, kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga, akisema kuwa ameoteshwa na Mwenyezi Mungu. Habari zilitoka kijijini kwa midomo ya watu, zikachukuliwa na magazeti na simu, na kufikia mwezi Machi ulimwengu ulikuwa umetufikia mlangoni: mabasi, malori, magari ya wakubwa, wagonjwa waliobebwa kwa machela, wageni kutoka Kenya na Uganda na nchi za mbali zaidi, na matajiri walioshuka kwa helikopta, foleni ya magari ikanyooka kilometa nyingi katika njia ambayo siku nyingine ilipita gari moja tangu asubuhi hadi jioni. Dunia nzima ilimwita Babu wa Loliondo, ijapokuwa Loliondo ni tarafa nyingine, na niliwahi kukutana na watu wenye mgonjwa hoi ndani ya gari waliopitiliza njia wakilifuata jina hilo. Mwishoni mwa mwezi ule mchungaji mwenyewe aliomba watu wapya wasije mpaka tarehe 1 Aprili, ili wale waliokwisha fika, waliokadiriwa kuwa 24,000, wapate kuhudumiwa kwanza.

Sikusudii katika makala haya kuhukumu imani ya mtu yeyote. Mchungaji alifariki tarehe 30 Julai 2021, na mimi nilimjua kuwa mtu mpole aliyekubali taabu ya kusimama kutwa akihudumia watu. Nakusudia kusimulia habari ya wale waliokuwa wakishughulikia mambo mengine yote: maji ya kunywa, vyoo, kuni, bei ya chakula, njia ya gari lenye mgonjwa aliyezidiwa, na maziko ya waliofia katika foleni, maana wapo waliofia humo. Baadhi yetu, walimu, wahudumu wa afya, vijana, akina mama wa vikundi na wazee wachache, tulizoea kukutana jioni katika darasa, bila ya kuagizwa na mtu, ili kupeana habari za siku na kugawana kazi za kesho yake.

Vikao vya awali vilikuwa na shida moja kubwa. Kila aliyeingia alikuja na shani aliyoiona au kuisikia: kiwete aliyesimama, kisukari kilichoshuka, waziri aliyekunywa kikombe, mwanamke aliyesafiri siku nyingi akafika. Mshangao wa watu wale haukuwa mdogo wala wa uongo, na katika hali kama ile moyo wa binadamu hutaka kusema. Lakini jua huzama saa ile ile kwa wote, na taa ya darasa ilikuwa moja. Jioni moja dada mmoja, mhudumu wa afya, alikaa pembeni akingojea nafasi tangu mwanzo wa kikao. Shuhuda zilipokwisha, giza lilikuwa limekwisha ingia na nusu ya watu wameondoka, akasimama akasema maneno machache mno: kwamba amekutana na wagonjwa wanaokunywa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wengine wa kisukari, ambao baada ya kupata kikombe wameziacha dawa zao za hospitali, na kwamba anaomba kila anayepita katika foleni awaambie wasiziache. Maneno yale yalikuwa na uzito wa roho za watu kuliko yote yaliyosemwa jioni ile, na waliokuwapo kuyasikia na kuyachukua hadi barabarani walikuwa wachache, wamechoka, na wanatazama mlango.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti wetu, Mtemi wa ukoo wenye kukaa barazani, hakumlaumu mtu. Kesho yake alipofungua kikao alimgeukia yule dada kabla ya salamu kwisha, akamwambia, "Mwanangu, shamba lako ndilo lililokauka zaidi. Anza wewe." Kisha akawaambia wengine kwamba yeyote atakayetaka kusema ataulizwa swali moja tu kabla ya kupewa nafasi: neno lake litatumiwa na nani kesho, na litatumiwa wapi. Aliyeweza kujibu alisema. Asiyeweza aliombwa, kwa upole, kulitunza neno lake mpaka kazi ya jioni iishe, na kazi ilipoisha waliopenda walibaki wakasimuliana shuhuda zao mpaka usiku, wala hakuna aliyeondoka akiwa na neno limemkaa kifuani. Nimekaa katika vikao vilivyoongozwa na wasomi wenye vyeti vya uongozi, na sijapata kuona kanuni iliyokuwa fupi na yenye insafu kuliko ile. Haikuuliza kama neno ni kweli, wala kama msemaji ana cheo, wala kama ni mzee ama kijana, mwanamume ama mwanamke. Iliuliza linakwenda shamba gani.

Kanuni hiyo ilifaa hata katika ujumbe wa simu, ambao kwa wakati ule haukuzidi herufi 160, na mtandao ulipatikana kwa kupanda mahali pa juu. Tulikuwa tukiwapelekea jamaa zetu wa Arusha, Mto wa Mbu na Karatu habari za njia, ili nao wawaambie wanaojiandaa kuja. Na vijana walijifunza upesi kuwa ujumbe unaosema foleni imefika wapi, maji yanauzwa kiasi gani na mgonjwa asiyeweza kukaa siku kadhaa garini asiletwe, ulisomwa na kupelekwa mbele, ilhali ule uliochanganya habari hizo na dua, pongezi na tetesi ulipelekwa mbele ukiwa umebakiwa na tetesi peke yake. Hilo nililiona mara nyingi hata sikuweza kulihesabu kuwa ni bahati mbaya: mambo mawili yakisafiri katika ujumbe mmoja, lile la ajabu hufika na lile la manufaa huanguka njiani.

Lakini nisije nikamfanya msomaji adhani kuwa mnasaba wa neno hujulikana kwa kulitazama usoni. Lipo tukio ambalo limenifundisha zaidi ya hayo yote, nami nitalieleza kwa kirefu.

Shauri la jioni ile lilikuwa maegesho. Magari yalikuwa yamejaa pande zote za njia, mengine yameingia mashambani, na vijana walikuwa wamechora ramani ardhini kwa kijiti wakibishana wapi pawekwe malori na wapi mabasi. Bibi mmoja, ambaye hakuwa na desturi ya kuja, aliinua mkono, akapewa nafasi kwa heshima ya umri wake, akaanza kusimulia habari za mbuzi wake. Alisema wamepungua maziwa. Akataja mmoja mmoja kwa rangi zao, akasema yupi alizaa lini, yupi ni mkorofi, na jinsi mjukuu wake anavyowapeleka malishoni. Vijana walianza kutazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, kwamba bibi atoke nje ya kikao au arudi kwenye mada. Nami, mwalimu mstaafu niliyekuwa na kalamu ya muhtasari mkononi, nilikuwa nimeiweka kalamu chini.

Mwenyekiti hakumkatiza. Alingoja apate pumzi, kisha akamwuliza, "Bibi, na maji wanakunywa?" Akasema hapana, hilo ndilo alilojia: wamekataa maji tangu juzi. "Wamekataa maji ya wapi?" Akajibu kuwa ni pale pale siku zote, chini ya banio. "Na juu ya banio pana nini siku hizi?" Bibi akasema, kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba juu ya banio yamesimama magari, na wageni wanafua nguo, wanaosha vyombo na kufanya haja zao humo, na sabuni na uchafu vinashuka na maji. Darasa likanyamaza. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yakinywewa na nyumba za upande ule, na wageni wengi wasio na fedha ya kununua maji ya chupa walikuwa wakiyachota vile vile. Asubuhi vijana walewale walikwenda wakaondoa magari, wakaweka kamba na mlinzi, na mahali pa kufulia pakatafutwa mbali na mfereji.

Katika shauri la maegesho, basi, hakuna aliyesema neno lililoingia ndani ya mada kuliko bibi wa mbuzi, na hakuna aliyeonekana kuwa mbali nayo zaidi yake. Watu wa vijijini, na hasa wanawake ambao hawakulelewa kusema hadharani, aghalabu hawaanzi na jambo. Huanza na mahali jambo lilipowapata, wakalifuata taratibu hadi mwanzo wake. Mwenyekiti anayewakata njiani kwa jina la nidhamu hupoteza kile alichokiitia mkutano. Tofauti ya mzee yule na wengine niliowaona ni kwamba, badala ya kumrudisha msemaji kwenye mada, alimwuliza maswali yaliyoileta mada kwa msemaji. Kazi hiyo huhitaji subira, na pia huhitaji kuujua mji: kujua banio liko wapi, nani anakunywa maji ya mfereji upi, na mbuzi wa bibi hupitia njia gani.

Umati ulipopungua na njia ikarudia ukimya wake, waliokuwa wamezoea kukutana darasani hawakuweza kurudi wawe kama zamani. Zama hizo ilienea katika mikoa kadhaa kazi ya waraghibishi, watu wa vijijini wanaojitolea kuwaamsha wenzao wadai haki zao na kuwauliza viongozi maswali, hasa kwa mradi wa Chukua Hatua wa shirika la Oxfam ulioanza mwaka 2010. Na katika wilaya yetu walikuwapo pia akina mama wa Baraza la Wanawake wa Kifugaji, lililoasisiwa Loliondo mwaka 1997, ambao ushujaa wao katika mambo ya ardhi na elimu ya watoto wa kike unajulikana. Niliombwa nikae na waraghibishi wa upande wetu kama msaidizi wa kuandika, na huko nikakuta upande wa pili wa jambo hili, ulio mchungu.

Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 imempa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, huwajibika kwake. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, niliona kijana akisimama na kuuliza kwa adabu kamili habari za mapato na matumizi ya robo mwaka, akajibiwa, "Hiyo si ajenda." Akangoja mpaka yakafika mengineyo, akauliza tena, akaambiwa muda umekwisha. Mkutano uliofuata ilikuwa vivyo hivyo. Hapo neno lile lile la nidhamu, ambalo kwa mzee wetu wa Samunge lilikuwa ni zamu ya maji, limekuwa ni kufuli ya mfereji mikononi mwa mtu mmoja. Maadamu ajenda inaandikwa na anayeogopa kuulizwa, kushika ajenda hakuna uadilifu wowote, na mraghibishi anayewahimiza watu wasitoke nje ya mada bila ya kwanza kuuliza mada imepangwa na nani, anamfanyia kazi mwenye kufuli.

Kwa hiyo tuliwahimiza watu wapeleke ajenda zao kwa mtendaji kwa maandishi kabla ya mkutano, waweke nakala, na orodha ibandikwe mahali pa wazi siku kadhaa mbele. Na pale ilipofanyika hivyo, mkutano ulikwenda kwa utulivu ambao hakuna ukali wa mwenyekiti ungeweza kuuleta. Mtu anayejua kwamba neno lake limeandikwa katika nambari ya 4 hana haja ya kulichomeka katika nambari ya 2. Nimeshawishika kwamba sehemu kubwa ya utovu wa mnasaba tunaoulalamikia haitoki katika ujinga wala ukaidi, bali katika hofu ya watu kwamba zamu yao haitafika.

Kadhalika nilijifunza kuwa na uangalifu na mengineyo. Wako viongozi wanaoifanya sehemu hiyo ya mwisho kuwa jalala la kila neno wasilopenda, na wako wasemaji wanaoiweka akilini tangu mwanzo ili wahutubie wakati wenzao wameshika fimbo zao tayari kuondoka. Waraghibishi wetu walikubaliana kuwa neno lolote litakalopelekwa katika mengineyo liandikwe pamoja na jina la aliyelisema, na lisipojadiliwa siku hiyo liwe la kwanza katika yatokanayo ya kikao kijacho. Ni jambo dogo la ukarani, lakini liliwafanya watu wakubali kungoja, kwa kuwa waliona ngoja ya kwanza ilitimizwa.

Siku hizi waraghibishi hao wanapelekeana habari kwa simu zenye nafasi isiyo na mpaka, na ile taabu ya herufi 160 imeondoka pamoja na fadhila yake. Mraghibishi wa bondeni bado hupanda kilimani kuutafuta mtandao, akiwa amengojea kujua kama kikao cha ardhi kimeahirishwa ama hakikuahirishwa, akakuta picha za salamu za asubuhi, tangazo la mbegu, mahubiri na mzaha wa vyama. Habari aliyoifuata imefunikwa humo, na akiba ya vocha yake imekwisha kabla ya kuifikia. Katika hayo sina shaka: yapelekwe kwingine, kwa wanaoyataka.

Linalotutatiza ni misiba. Mwenzetu anapofiwa, wako wanaosema habari ya kifo na mchango wake isipitishwe mahali pa kazi, kwa sababu ikipitishwa ya mmoja itapitishwa ya wote, na baada ya mwezi hakutakuwa na kazi. Hoja yao si dhaifu, na wanaoitoa ni watu wenye ghera na shughuli hii. Rai yangu ni kuwa wanaokwenda pamoja kuwauliza wakubwa habari za ardhi yao, wengine wao wakiwa Watemi na wengine Wamasai, waliowahi kuwa na uhasama wa mipaka na mifugo, hawataweza kusimama bega kwa bega mbele ya mkuu ikiwa hawajawahi kusimama pamoja makaburini. Kwa hiyo msiba wa mwanachama mwenyewe, mzazi wake, mwenzi wake na mwanawe ni shauri letu, upewe tangazo moja lenye mahali, siku na jina la anayepokea mchango, na rambirambi zifikishwe kwa mfiwa moja kwa moja. Mama mmoja wa kijiji cha Digodigo anapinga, akisema ndugu wa tumbo moja hawezi kuachwa nje ya orodha hiyo. Suala hilo limeandikwa, nambari ya 3, katika ajenda ya kikao kijacho, na jina lake limewekwa kuwa msemaji wa kwanza.